Orodha ya marafiki ni ya nani?

Novemba 2010, Google iliifungia Facebook mlango wa Gmail. Kabla ya hapo, mtu akijiunga na Facebook aliweza kuruhusu mfumo uvute anwani zake zote za Gmail, akaonyeshwa papo hapo ni nani kati ya watu wake tayari yumo. Google ikaweka sharti: anayevuta anwani kwetu kwa njia hiyo, naye aruhusu zitoke kwake vivyo hivyo. Facebook ikakataa, ikapitia dirishani. Iliwaelekeza watumiaji wapakue wenyewe faili la anwani kutoka Gmail, kisha walipandishe Facebook. Google nayo ikabandika onyo: kweli unataka kupeleka anwani za rafiki zako mahali usipoweza kuzitoa?

Kwa harakaharaka, haki ilikuwa upande wa Google. Mtandao wa kijamii unaishi kwa kujua nani anamjua nani. Mwenye orodha hiyo akiizuia isitoke, mshindani wake, hata awe na programu nzuri namna gani, anafungua ukumbi mtupu.

Facebook ilijibu kwamba baruapepe ya rafiki yako ni ya rafiki yako. Amekuonyesha wewe, hajaikabidhi kampuni nyingine. Ujanja ulikuwamo, sikatai, ila hoja yenyewe ina uzito, na aliyeuonyesha ni Google. Februari mwaka uleule ilizindua Buzz, mtandao wake wa kijamii, ndani ya Gmail, ikamchagulia mtumiaji watu wa kufuatana nao kutokana na wale anaoandikiana nao zaidi. Usipobadilisha mipangilio, orodha hiyo ilionekana hadharani kwenye wasifu wako. Fikiria mgonjwa na daktari wake, au mwandishi wa habari na mtoa siri wake. Mwaka 2011, Tume ya Biashara ya Marekani (FTC) iliibana Google kwa ukaguzi wa faragha kila baada ya miaka 2, kwa miaka 20.

Facebook nayo haikuifuata hoja yake yenyewe. Hadi 2015, programu ya nje iliweza kuchota taarifa za marafiki wa mtu aliyeikubali, wao wakiwa hawajaulizwa lolote. Watu wapatao 270,000 walijaza jaribio moja la haiba kwenye programu ya aina hiyo, nayo ikachota na taarifa za marafiki wao. Kwa makadirio ya Facebook yenyewe, taarifa za watu hadi milioni 87 huenda zilifika Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kisiasa. Faini ambayo FTC iliitoza Facebook mwaka 2019 ilikuwa dola bilioni 5.

Kwa hiyo aliye nyuma hudai milango ifunguliwe, na aliye mbele hukumbuka faragha. Mimi naona uhusiano uruhusiwe kuhama, anwani ibaki: rafiki aulizwe kule aliko, na pande zote mbili zikikubali ndipo waunganishwe upya.

Kinachokwamisha ni namna ya kuwatambua watu bila kufichua namba zao. Njia ya mkato ni kugeuza kila namba ya simu kuwa msimbo usiorudishika, kisha kulinganisha misimbo. Haitoshi. Namba yenye tarakimu 9 ina uwezekano bilioni 1 tu, na kompyuta ya kawaida inaweza kuzigeuza zote kwa muda mfupi, ikatengeneza jedwali na kusoma kila msimbo ni namba gani. Anayeahidi kwamba namba za rafiki zako ziko salama kwa sababu "zimefichwa", muulize kwanza kuhusu jedwali hilo.