Mlezi wa Kwanza: Meza ya Nyumbani au Kitanda cha Bweni?

Miongoni mwa wazazi Wakatoliki wa Mwanza wapo wanaoulizana, sala ya jumuiya inapokwisha, kama isingekuwa heri kuwasomesha watoto nyumbani, kama wafanyavyo baadhi ya waamini wenzao huko Marekani. Hoja yao ina mizizi. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu elimu ya Kikristo, uliwaita wazazi walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao, na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 793, ikalitamka jambo hilo kuwa wajibu na haki.

Uzuri wake nimeuona kwa macho katika nyumba moja ya Nyegezi, ambako mama aliwakalisha wanawe wawili mezani asubuhi wajifunze vipimo kwa kisado cha dagaa. Mkubwa alijaza, mdogo akasawazisha juu kwa kiganja, kisha wakahesabu vikombe vilivyotoka humo na kuigawanya bei ya kisado kwa idadi hiyo, wakabishana mpaka jibu likapatikana. Saa sita kalamu ziliwekwa chini wakasali Malaika wa Bwana. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hana namna ya kumpa kila mtoto kisado chake.

Ila niseme mapema kwamba watoto hao walikuwa likizo, shule hawajaacha. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi na ahakikishe anahudhuria, na hapo anayetaka kuhamishia darasa lote sebuleni ana swali la kujibu mbele ya Serikali kabla ya kufika kwa paroko. Hata Kanisa lenyewe, katika kanuni ya 796, linataka shule zithaminiwe kwa kuwa ni msaada mkubwa kwa wazazi. Tena tuulize nani atafundisha. Mama anayeuza samaki katika soko la Mwaloni hutoka kabla hakujapambazuka, na baba anayevua dagaa kwa taa usiku wa giza hulala mchana. Elimu ya nyumbani inataka mshahara mmoja unaotosha nyumba nzima, na tukisema “mzazi atafundisha” kwa kawaida tunamaanisha mama.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa elimu ya nyumbani hawaligusi. Kandokando ya Ziwa Victoria, imani mara nyingi ilisafiri kutoka shule kwenda nyumbani. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, hakuzaliwa na wazazi Wakatoliki. Aliukuta Ukatoliki katika miaka ya masomo, akabatizwa mwaka 1943 akiwa na umri wa miaka 21. Kuiona shule kama hatari kwa imani ni kuisahau historia yetu wenyewe.

Kwa hiyo siwaungi mkono wanaotaka kuacha shule. Hata hivyo, hofu yao naiona ya haki zaidi kuliko utulivu wa sisi wengine, maana tumezoea kinyume chake bila kushtuka: mtoto mdogo anapelekwa bweni, anaonana na wazazi siku ya kutembelewa na wakati wa likizo, nasi tunaita hayo malezi bora kwa sababu shule ni ya masista. Bweni lina sababu zake, hasa kwa binti anayetembea mbali au mtoto aliyefiwa. Lakini kwa familia yenye wazazi wawili na shule ya kutwa jirani, sioni namna ya kulipatanisha na kanuni ya 793. Mwaka 2023 Serikali ilizuia bweni kwa watoto wa madarasa ya chini, na baadhi yetu tulilalamika kwamba tutawaweka wapi.

Likizo ilipokwisha, wale wawili wa Nyegezi walirudi kupanda basi la shule alfajiri. Mama yao alibaki na nusu saa baada ya chakula cha jioni, kabla ya rozari, na mara nyingi mdogo huwa ameshasinzia na sare mwilini.