Kurusha mtupo huru kutoka chini si utoto

Jioni moja, kwenye uwanja wa saruji wa mpira wa kikapu hapa Dodoma, kijana mrefu alikosa mitupo huru minne mfululizo, ile ya bure anayopewa aliyefanyiwa faulo. Kwenye mtupo wa tano akaushika mpira kwa mikono miwili, akaushusha hadi katikati ya magoti, akaupandisha taratibu. Ukaingia. Wenzake wakacheka, kocha akamwambia aache utoto. Naamini kocha alikosea, ingawa ana hoja.

Mstari wa mtupo huru uko mita 4.6 kutoka kwenye ubao, ringi iko juu mita 3.05, na hakuna anayekukaba. Tatizo liko kwenye mkono wako tu. Kwa mtindo wa kawaida, wa kurusha kutoka juu, kiwiko kikienda pembeni kidogo mpira nao unakwenda pembeni. Ukirusha kutoka chini, mikono yote miwili inafanya kazi sawa, mpira unapanda juu na kushuka kwa upole huku ukizunguka kurudi nyuma. Ukigonga chuma, haurukii mbali. Rick Barry alirusha hivyo NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mpaka akastaafu mwaka 1980, akiingiza karibu 9 katika kila 10. Mchezaji mwingine wa NBA, Wilt Chamberlain, siku aliyofunga pointi 100 katika mchezo mmoja mwaka 1962, aliingiza mitupo huru 28 kati ya 32 kwa mtindo huohuo. Baadaye akauacha kwa kuona aibu, na hadi anastaafu wastani wake ulikuwa nusu na kidogo.

Hoja ya kocha ni muda. Vijana wetu wengi hufanya mazoezi mara chache kwa wiki, mpira mmoja watu kumi. Mkono unaojifunza kurusha kutoka juu unafaidika mchezo mzima. Mtindo wa chini unatumika pale mstarini tu. Hilo ni kweli, na kwa mtoto anayeanza nakubaliana naye kabisa. Upepo wetu wa Julai nao hauupendi mpira unaokaa sana hewani.

Lakini yule kijana haanzi leo. Anayeingiza sita katika kumi aachwe na mkono wake. Anayekwama chini ya nusu msimu mzima, timu inapoteza pointi za bure kila akifanyiwa faulo, na wapinzani wakishamjua watamfanyia makusudi. Huyo apewe mitupo 25 kwa kila mtindo kila siku ya mazoezi, mwenzake akiweka alama za chaki ukutani, mwezi mzima, kabla hajaambiwa aache.