Jua la utosini na miti ya kompyuta

Mti wa matunda wa kompyuta hukua kwa usiku mmoja. Mparachichi wa shambani, hata ukianza na mche uliopandikizwa, utakungojesha miaka mitatu au minne kabla hujajua kama namna ulivyoupogoa inalipa. Hiyo ndiyo hoja kuu ya wanaotetea modeli za umbo la miti, yaani programu zinazouigiza mti ili kutafuta namna bora ya kuupogoa, na ina uzito: hakuna mtafiti wa vyuo vya Kabete wala Juja mwenye ardhi ya kujaribia maumbo hamsini kwa pamoja.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mti hupimwa kwa leza au hupigwa picha kutoka pande zote, kisha hujengwa upya kwenye skrini, tawi kwa tawi. Wengine huuotesha kwa kanuni. Mwaka 1968 mwanabiolojia Aristid Lindenmayer alibuni sarufi ya kihesabu ya jinsi chipukizi linavyozaa tawi na tawi likazaa machipukizi mengine, na sarufi hiyo bado inatumika. Kisha programu huuangushia mti miale ya jua, ikiufuata kila mwale hadi utue kwenye jani, upite penye mwanya au ufike chini. Ondoa tawi la katikati, hesabu inarudiwa papo hapo.

Wanaopinga huanza na jua, na wana haki. Modeli nyingi za mitufaha na mipichi zilitengenezwa Ulaya, Marekani na Australia, ambako jua la saa sita huja kwa mshazari sehemu kubwa ya mwaka. Kule, mstari wa miti unaoelekea mashariki-magharibi huwa na ubavu mmoja unaokaa kivulini saa za mchana karibu mwaka mzima, ndiyo maana wakulima hupendelea mistari ya kaskazini-kusini. Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta. Mwezi Machi na Septemba jua hupita utosini, na hata Juni na Desemba saa sita mchana haliinami kupita digrii 25 hivi. Tena hubadilisha upande: tangu katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba liko kaskazini mwetu, kisha linahamia kusini. Ubavu wa kudumu kivulini haupo. Anayenakili umbo la shamba la Ulaya hadi Limuru ananakili jibu la swali ambalo hakuulizwa.

Ila hoja hii, kwa maoni yangu, inaishia kuitetea kompyuta. Latitudo ndani ya modeli ni namba tu, unaibadilisha. Desturi ya kupogoa iliyoletwa na kitabu cha mgeni ni ngumu zaidi kubadilisha.

Mawingu ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti, Nairobi, Kiambu na Murang'a huamka chini ya anga la kijivu. Mwanga wa siku hizo hutoka kila upande wa anga, na hupenya ndani ya matawi vizuri kuliko miale ya moja kwa moja. Modeli iliyolishwa siku za jua kali pekee itakushauri uufungue mti kupita kiasi. Utatii, kisha Januari ifike na jua lake liyaunguze matunda na magome uliyoyaacha wazi.

Kuna pia suala la kudhani kwamba mwanga ulionaswa ni matunda. Mwaka 1977 mwanasayansi John Monteith alionyesha kuwa uzito wa mazao hukua sambamba na mwanga yanaoupata, lakini alizungumzia mimea yenye afya na maji ya kutosha, Uingereza. Mwembe wa Makueni unaofunga vinyweleo vya majani kwa kiu saa saba mchana hauna shida ya mwanga. Isitoshe, jani moja hushiba mwanga kabla jua halijafika ukali wake wote, kwa hiyo kuugawa mwanga kwa majani mengi kuna faida kuliko kuyamwagia machache ya kileleni. Modeli nzuri huligundua hili. Modeli inayotoa jumla moja tu ya mwisho hulificha.

Halafu mwanga unaofika chini. Programu huuandika kama hasara. Kwa mwenye robo ekari Murang'a, huo ndio unaootesha maharagwe, sukuma wiki, pengine kahawa. Kituo cha utafiti wa kilimo mseto cha ICRAF, chenye makao Gigiri, Nairobi, na kilichoanzishwa mwaka 1978, kimeshughulikia miti iliyochanganywa na mazao kwa miongo kadhaa, kwa hiyo ujuzi wa kuyahesabu yote mawili uko hapa hapa mjini.

Mimi naegemea kuitumia modeli kama chekeche: itupe maumbo mabaya, machache yaliyobaki yapandwe kwenye kituo cha utafiti cha Kandara na katika mashamba ya watu. Umbo linaloshinda kwa asilimia chache lakini linadai kupogolewa mara tatu kwa mwaka litashindwa na ujira wa kibarua, na hilo halihitaji leza kuonekana. Atakayekuuzia ushauri wa kompyuta, mwombe vipimo vya mwanga chini ya miti halisi, vya Julai na vya Januari. Kama ana vya Januari tu, subiri Julai.