Sinema Ina Giza, au TV Yako Ina Kiherehere?

Hakuna kazi ngumu mjini kama kuangalia muvi ya madude ya angani na watu wenye maoni. Chukua Aliens, ile ya James Cameron ya mwaka 1986, mwendelezo wa Alien ya Ridley Scott ya 1979. Iweke sebuleni Jumamosi usiku, watu wamekula wameshiba, halafu sikilizia. Hazipiti dakika kumi na tano, shemeji kashauliza: "Sasa hayo madude yenyewe yanatokea saa ngapi?"

Yanatokea saa nzima ikishapita, shemeji, tena na ushee. Ukiacha ile ndoto ya mwanzoni na yale yaliyofungiwa kwenye mitungi ya maabara, hutaona dude likitembea hadi hapo. Na hiyo saa ya kwanza si ya kupoteza muda. Ripley, steringi wa kike aliyepona kwenye ile ya kwanza, amelala usingizi wa barafu miaka 57. Anaokotwa, anakalishwa mbele ya bodi ya kampuni, ananyang'anywa leseni, hakuna anayemwamini. Halafu mawasiliano na walowezi waliopelekwa kwenye sayari ileile yanakatika, na hao hao waliomwita mwongo wanamfuata hadi chumbani kumbembeleza arudi. Ukiyakosa haya umekosa muvi. Lakini ndiyo sehemu ambayo watu wote wanaondoka kwenda kuchukua chai.

Wakirudi wanakuta askari wako ndani ya pango lenye utelezi, ukuta unapumua, na maoni yanaanza upya. "Mbona hawapigi? Askari gani hawa wanaogopa kufyatua?" Jamani! Wako chini ya mitambo ya kupoza kinu cha nyuklia. Risasi zao ni za kulipuka. Wakitoboa bomba moja, hakuna atakayebaki wa kusimulia. Ripley kalisema hilo, luteni Gorman akaamuru magazini zikusanywe, wabaki na virusha moto. Askari wawili, Vasquez na Drake, wakamkubalia kwa mdomo, mikono ikafanya mengine. Yote haya yalisemwa kwa ufupi sana, wakati wewe uko jikoni unagombana na sukari.

Na yule mwingine, kaka wa kona ya kochi, mtaalamu wa kivita: "Si wangelipua tu kutoka juu yaishe?" Wazo zuri. Ripley alilitoa, koplo Hicks akaliunga mkono. Aliyepinga ni Burke, mtu wa kampuni, kwa sababu majengo yana thamani kubwa ya dola. Wenzake wameliwa, nusu saa haijapita, yeye anapiga hesabu za mali. Mtu yeyote aliyewahi kuajiriwa haoni ajabu hapo. Baadaye ndege iliyokuwa ije kuwachukua inaanguka, inaharibu mfumo wa kupoza, na Bishop, roboti mwenye sura ya mtu, anawatangazia kwa upole wake kwamba wana saa 4 kinu kilipuke, megatani 40, kilomita 30 kila upande. Kwa hiyo bomu la kaka lilipatikana. Tatizo wao walikuwa bado wako chini.

Kuna ubishi wa kifaa cha kusoma mwendo, kile kinacholia pi, pi, pi. Kinasema madude yako mita 6, yaani ndani ya chumba, na chumbani hakuna kitu. Hapo wataalamu wote wanaamka: "Kosa hilo! Mwandishi kasahau!" Hajasahau. Kifaa kinapima umbali, hakikwambii juu au chini. Madude yako darini, juu ya silingbodi. Watanzania ndio wa kwanza duniani waliotakiwa kulielewa hili bila kuambiwa. Nani hapa hajalala chini ya silingbodi akasikia kitu kikikimbia kutoka chumbani hadi sebuleni, akanyanyua fimbo ya ufagio, akagonga, kikanyamaza, kikaanza tena? Hicks anachokifanya ni hichohicho: anapanda, anasukuma bodi moja, anamulika. Tofauti ni kwamba sisi huwa tunakuta panya.

Sasa tuje kwenye malalamiko makuu, mama wa malalamiko yote: giza. "Haionekani! Tumepigwa! Muvi gani nyeusi hii?"

Giza la Aliens ni la makusudi. Dude la mwaka 1986 ni mtu, tena mara nyingi mcheza dansi au mtu wa sarakasi, aliyevaa nguo nyeusi ya kubana iliyobandikwa vipande. Ukimwagia taa za kutosha unaona mshono. Ukimpa mwanga wa kutoka pembeni tu, ukampaka utelezi ung'ae kwenye kingo, ukakata picha baada ya sekunde moja, mtazamaji anamalizia mwenyewe kichwani, na kichwa chake kinatisha kuliko fundi yeyote. Waliozidisha chumvi ni wale ndugu wawili wa Strause, walioongoza Aliens vs. Predator: Requiem mwaka 2007. Pale mji mdogo wa Colorado umekatika umeme, ni usiku, mvua inanyesha, na madude ni meusi. Hao walalamikieni, ruksa.

Lakini Aliens kuonekana nyeusi tii, kosa ni la nyumba yako. TV nyingi zinatoka kwenye boksi zikiwa zimewekwa Vivid au Dynamic, kwa sababu dukani zinashindana na taa za dukani. Hali hiyo inapaisha rangi na kuzamisha vivuli. Ingia kwenye menyu ya picha, weka Cinema au Movie. Itaonekana ya njano kidogo, watoto watapiga kelele, wape dakika kumi watazoea. Usikimbilie kupandisha Brightness. Ile haiongezi mwanga unavyodhani, kwenye TV nyingi inanyanyua weusi uwe kijivu, na unabaki na dude la rangi ya majivu ndani ya pango la rangi ya majivu. Kinachotakiwa kupanda ni Backlight. Zima pia kile cha kuokoa umeme, maana kinapima mwanga wa chumba na kupunguza taa ya TV wakati Ripley anaingia gizani. Najua LUKU inauma. Uma meno kwa saa mbili na nusu.

Halafu kuna kitu kinaitwa Motion, au jina lolote la mbwembwe ambalo kampuni imekipa. Zima. Sinema imepigwa picha 24 kwa sekunde. TV yako inaona hazitoshi, inatunga nyingine za katikati kutoka kichwani kwake, na ghafla Malkia wa madude anateleza kwa ulaini kama yuko kwenye tamthilia ya mchana. Ndipo unasikia: "Mbona kama mdoli?" Ni mdoli, dada, lakini hukutakiwa ujue.

Na ile flashi yako. Umemwambia kijana wa kibandani akujazie muvi kumi, kakujazia, ukafurahi. Aliens ameibana ikawa MB 700. Muvi ni dakika 137. Gawanya: inakuja kama kilobiti 680 kwa sekunde, picha na sauti kwa pamoja, wakati diski ya Blu-ray hupeleka megabiti 20 na kitu na kuendelea. Programu ya kubana inapotafuta pa kupunguza, inaanzia gizani, kwa kuwa inaamini jicho halitagundua. Kwenye video ya harusi, kweli hutagundua. Kwenye muvi ambayo nusu yake ni giza, unapata vimraba vyeusi vinavyocheza ukutani, na babu anauliza kama hayo ndiyo madude. Tafuta faili la kuanzia GB 4, na flashi iwe imefomatiwa kwa mpangilio wa mafaili wa exFAT au NTFS, maana ule wa FAT32 haupokei faili moja linalofika GB 4. TV nyingine za zamani hazisomi exFAT, kwa hiyo jaribu mchana, usisubiri wageni wakae.

Sauti nayo ina mashtaka yake. "Wanaongea chini, bunduki zinapasua masikio." Faili lina sauti ya njia sita, maongezi yamepewa spika ya katikati, wewe una TV yenye spika mbili zinazotazama ukuta. Kama kuna chaguo la stereo, lichukue. Kama hakuna, washa Night Mode au Clear Voice. Wenye sabufa wana ugonjwa wao wa peke yao: muziki unasikika, milipuko inasikika, watu wanafumbua midomo kimya. Hapo usimtukane Cameron. Chomoa pini ya jeki nyuma ya TV, ifute, irudishe hadi mwisho isikike ikikaa. Pini ikiingia nusu, waya wa ardhi (ground) haugusi, na spika zinabaki kupokea tofauti ya kushoto na kulia peke yake. Maongezi yako sawa pande zote mbili, kwa hiyo yanafutana, yanapotea. Kuna watu wametoa hukumu kwamba muvi haina hadithi, kumbe hadithi ilikuwa imebaki milimita tatu nje ya tundu.

Kwa upande wa pili kuna wenye navyo. Diski ya 4K ilipotoka 2024 wao ndio waliolia kwa sauti kubwa zaidi, na kusema kweli walikuwa na hoja. Filamu iliyotumika 1986 ina chengachenga nyingi. Wasafishaji wa kisasa wamezifuta kwa programu, na pamoja na chenga wakafuta vinyweleo, makunyanzi na jasho. Sura nyingine zimekuwa laini kama mshumaa. Mtu anayepigana na mauti kwenye jiko la nyuklia anatakiwa atoke jasho. Lakini nikimwona mtu anarudia malalamiko hayohayo huku anaangalia kwenye simu ya inchi sita iliyopasuka kioo, kwenye daladala, nashindwa nimsaidieje.

"Kompyuta mbovu hiyo!" anasema mwingine, Malkia akisimama. Kompyuta gani? Yule Malkia ni wa kiwanda cha Stan Winston, urefu wake ni mita 4 na kitu, watu wawili wako ndani ya kiwiliwili wanaendesha mikono, kreni imembeba, na wengine wako nje wanacheza na kichwa na midomo. Kabla ya kumjenga walijaribu kwanza kwa mifuko ya taka iliyozungushiwa fremu, waone kama inawezekana. Na ile mashine ya kubebea mizigo anayoivaa Ripley kwenda kupigana naye haina nguvu yoyote: nyuma ya Sigourney Weaver kajificha mwanamume mwenye misuli, ndiye anayenyanyua miguu. Muvi ilipata Oscar ya athari za picha, na Weaver akapendekezwa mwigizaji bora wa kike, jambo ambalo kwa muvi ya madude halikuwa la kawaida hata kidogo. Sebuleni kwetu bado kuna anayesema steringi hafai kwa sababu ni mwanamke. Huyo tunamnyima chai.

Usiombe waanze ubishi wa toleo. Kuna la dakika 137 lililoonyeshwa kwenye majumba ya sinema, na la dakika 154 lililokuja baadaye. La pili linaonyesha walowezi kabla ya balaa, linaeleza kwamba binti wa Ripley alizeeka na kufa mama yake akiwa usingizini, na lina bunduki zinazojifyatua zenyewe kwenye korido. Mashabiki wataapa kwa mama zao kwamba refu ndiyo bora. Mimi nasema kwa anayeanza, mpe fupi. Ukishawaona walowezi wakiwa hai, askari wanapofika kwenye mji mtupu na mvua inapiga, wewe tayari unajua kilichowapata. Hofu imeliwa mapema. Cha binti ni kizuri, sikatai, kinafanya uelewe kwa nini Ripley anamng'ang'ania Newt, yule mtoto wa walowezi aliyekutwa hai. Kionje mara ya pili. Na kama faili lako linasema saa 1 na dakika 50, hilo si toleo, huo ni uhuni wa mtu kakata.

Muvi ikiisha, lazima atatokea mmoja: "Ipo ya tatu?" Ipo. Alien 3 ya David Fincher, 1992. Usiiwashe usiku huohuo. Umetumia saa mbili kumwombea dua Newt na Hicks wafike salama, wamefika, umepumua, halafu ya tatu inaanza na majina ya waigizaji hayajaisha wote wawili wameshakufa. Watu wazima wamezima TV hapo wakaenda kulala bila kuaga.

Watakaovumilia watakuja kupigana kesho yake gengeni. Mmoja atasema dude lilizaliwa ndani ya mbwa, mwingine atasema ng'ombe, aliona kwa macho yake. Wote wako sawa: mbwa yuko kwenye ya sinema, dakika 114, na ng'ombe kwenye ile ndefu iliyotoka 2003, dakika 145. Ukiwaambia hivyo wanakugeukia wewe.