Kadi ya benki ya marehemu si mirathi

Ndugu zangu wa Unguja na Pemba, kuna jambo linalonikereketa tangu ami yangu alipofariki kule Wete, nami naona nilisemee hadharani kwa sababu najua halikutupata sisi peke yetu. Kwenye msiba sisi hatuna mpinzani. Maiti huzikwa siku ile ile, majirani wanajaa, mchele unaletwa, wanawake wanapika, hitma inasomwa. Hapa Uingereza ninapoishi sijaona msiba unaobebwa na mtaa mzima namna hiyo. Lakini watu wakishatawanyika, muulize yeyote wa nyumbani: marehemu alikuwa na pesa benki gani, alimdai nani, nani anamdai? Wote watatazama chini.

Ami alikuwa mkulima wa karafuu. Kila msimu, akishauza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, kiasi anatumia na kiasi anaweka benki. Mkewe hakujua ni ngapi. Kadi na namba ya siri alikuwa nazo kijana mmoja wa nyumbani, ndiye aliyekuwa akitumwa kutoa pesa mzee alipoanza kuumwa miguu. Basi msiba haujaisha, kijana yule akenda mashineni, akatoa. Hakuiba, alinunua mchele, akalipa gari, akarudi na risiti. Hata hivyo, pesa zile hazikuwa tena za kutumwa. Mtu akikata roho, mali yake kwanza inatoa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki ni cha warithi kwa mafungu aliyoyapanga Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa. Sanda na kaburi ni maziko. Wali wa hitma si maziko. Kama miongoni mwa warithi yumo yatima mdogo, hakuna mtu mzima mwenye ruhusa ya kulisamehe fungu lake akalilisha wageni. Haya tunayasoma chuoni tangu utotoni, halafu kadi ikiwa mkononi tunayasahau.

Benki ilipopata habari, akaunti ikafungwa, na hilo ni sawa kabisa. Ndivyo mali ya watu inavyolindwa. Shida ikaanza kwenye karatasi. Ikatakiwa barua ya sheha, cheti cha kifo, kisha shauri la mirathi liende kwa Kadhi, na warithi wote wajulikane. Kitambulisho cha ami kilisema Hamad Khamis. Kitabu cha zamani cha benki kilisema Hamadi Hamisi. Cheti cha kifo kikaandikwa kwa jina la tatu, lile la mtaani, maana aliyekwenda kuripoti ndilo alilolijua. Herufi mbili tatu hizo zikataka kiapo, na kiapo kikataka mashahidi. Wakati wote huo mjane yumo edani, miezi minne na siku kumi, na karani anataka kumwona uso kwa uso. Watoto wake wawili wako Muscat. Walitakiwa watume hati ya uwakala, nayo ikarudishwa kwa kuwa haikugongwa muhuri uliotakiwa. Mjane akaishi kwa kukopa dukani ilhali pesa za mumewe zipo mjini Chake.

Nikitazama mambo yanavyokwenda hapa, naona tofauti moja kubwa: karatasi inatangulia. England kifo hutakiwa kuandikishwa ndani ya siku 5 tangu msajili apate cheti cha daktari, na huziki bila karatasi ya ruhusa. Msajili akimaliza, anakupa namba ya huduma iitwayo Tell Us Once, na kwa taarifa moja tu habari zinafika kodi, pensheni, pasipoti na leseni ya udereva. Benki nazo zina yao, Death Notification Service, unaziarifu kadhaa kwa mara moja bila kuzunguka kaunta kwa kaunta na machozi yako. Akaunti inafungwa, lakini ukipeleka ankara ya mazishi, benki kwa kawaida inailipa moja kwa moja kutoka kwenye pesa za marehemu. Kama pesa ni kidogo, mara nyingi benki huziachia bila hukumu ya mahakama. Kila benki ina kiwango chake. Mfiwa hatembei na kadi ya maiti mfukoni, wala hahitaji.

Kwa nini kwetu isiwe hivyo? Tunaye Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, unaosajili vifo na kutoa vitambulisho vya Mzanzibari. Tunayo Mahkama ya Kadhi. Tunayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Tunaye sheha katika kila shehia, anayejua nani kafa kabla hata ya adhana ya laasiri. Kisiwa kidogo, watu wanajuana. Ningependa kuona kifo kikisharipotiwa mara moja, taarifa inafika yenyewe benki na kwenye kampuni za simu, na karani anamfuata mjane nyumbani akiwa edani badala ya kumngoja kaunta. Na benki zilipe sanda na kaburi kwa risiti, ili asiwepo mtu wa kusingizia maziko.

Sisemi Uingereza wametushinda kila kitu. Sheria yao ya akaunti ya pamoja, kwa mfano, siipendi: mmoja akifa, kwa kawaida pesa zote ni za aliyebaki. Kwetu wazee wengi humtia mtoto mkubwa kwenye akaunti ili amtolee pesa tu, na mama akifa mtoto yule anadhani kaachiwa. Hakuachiwa. Fungu la dada zake limo mle, hata kama jina lao halimo. Vivyo hivyo yule uliyemwandika kwenye fomu ya benki kuwa ndugu wa karibu: ni wa kupigiwa simu, kuandikwa pale hakumfanyi mrithi.

Wenzetu hapa huzungumza kifo wakiwa wazima. Mtu ana miaka arubaini, ana faili lenye jina la benki, bima, nani anamdai. Kwetu ukimuuliza baba, wanakwambia unamchuria. Lakini dini yetu ndiyo iliyotuhimiza mwenye kitu cha kuusia asilale bila wasia wake kuandikwa. Ami angeandika ukurasa mmoja, benki gani, jina gani, nani anamdai, mkewe asingekopa unga.

Na sisi tulioko nje tuna hatari yetu zaidi. Ukifa England bila wasia, mali yako ya huku inagawiwa kwa sheria ya huku. Ukiacha mke na watoto, mama yako hapati kitu, na sudusi yake, ile sehemu moja ya sita aliyopewa na Mola, inapotea. Kama uliozeshwa msikitini tu na ndoa haikuandikishwa serikalini, mkeo hahesabiwi kuwa mke. Sheria ya mirathi ya huku inampita kama mgeni. Nimewaona wanawake wa Kizanzibari hapa Leicester wakigundua hilo wiki ya maziko, na watoto wadogo magotini.

Basi kaandikisheni ndoa. Kisha andikeni wasia kwa utaratibu wa huku, mali igawiwe kwa faradhi, utiwe saini mbele ya mashahidi wawili wanaokuona wakati huo huo, na wasiwe wale wanaorithi, maana shahidi aliyeandikiwa kitu anakikosa. Nakala moja mpeni mtu wa hapa, nyingine ipelekwe nyumbani pamoja na orodha ya akaunti za Zanzibar na madeni, majina yakiwa herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye kitambulisho.