Ada ya transfa ya bunduki Marekani: dila anakula jasho lake au anamla mteja?

Kuna jamaa yangu hapa Houston, ana green card yake safi, aliona bastola mtandaoni dola 400. Bastola hiyohiyo duka la jirani inauzwa 460, akajiona mjanja, akaagiza. Kodi ya mauzo ya hapa kwetu ni 8.25% kwa hiyo 33 zikaongezeka palepale, kusafirisha 20, alafu dila, yaani mwenye duka la bunduki mwenye leseni, wa kuipokea anataka 40 ya transfa, ile kazi ya kuipokea na kumkabidhi. Jumla 493. Angenunua dukani na kodi yake angelipa 497.95. Yaani purukushani yote ile, kufuatilia mzigo wiki nzima na kuendesha dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi, ameokoa dola tano kasoro senti tano, na hapo sijaweka mafuta.

Lakini kilichonikera sio hicho, mahesabu mabovu ni yake mwenyewe. Kilichonikera ni pale kaunta, dila kaandika risiti yenye 40 yake ya transfa alafu chini kaweka kodi ya dola 33 juu ya bei nzima ya bastola. Jamaa akatoa simu akamwonyesha risiti ya mtandaoni, kodi ishakatwa, ishalipwa. Dila akaguna, akafuta. Sawa, labda ni kupitiwa, ila jiulize wangapi hawaangalii risiti.

Siku hiyo ndo nikaanza kufuatilia haya mambo, na kadiri nilivyofuatilia ndo nikaona kila upande una hoja yake, japo sio kila hoja ina uzito sawa.

Kwa wasiojua inavyokwenda: toka Gun Control Act, sheria ya shirikisho ya udhibiti wa bunduki ya 1968, mtu binafsi haruhusiwi kumuuzia bunduki moja kwa moja mtu wa jimbo lingine. Mzigo lazima upitie kwa dila mwenye leseni ya shirikisho, ile wanaiita FFL, na bastola lazima uichukulie jimbo unaloishi. Dila anaipokea, anaiandika kwenye daftari lake kwamba imeingia, wewe unajaza fomu ya mnunuzi, namba 4473, anawasiliana na mfumo wa FBI wa kucheki rekodi yako kama unaruhusiwa kuwa na bunduki, ambao umeanza Novemba 1998, ukipita anakukabidhi na anaandika imetoka. Hiyo kazi ndo transfa. Wengi wanatoza kati ya 20 na 50, wapo wanaokwenda mpaka mia.

Sasa tuanze na dila maana ndo anatukanwa zaidi. Watu wanasema leseni yenyewe dola 200 kwa miaka mitatu ya kwanza, kuihuisha ni 90, na FBI haimtozi senti kucheki rekodi, sasa 40 ni ya nini? Mimi nasema leseni haijawahi kuwa ndo gharama. Gharama ni muda na hatari. Fomu ile ukikosea kitu kidogo, tarehe, kisanduku hakijatikiwa, wakaguzi wa ATF, shirika la serikali linalosimamia bunduki, wakija ni kosa la dila sio lako wewe uliyejaza kwa haraka. Na fomu hizo hachomi: zamani alitakiwa azitunze miaka 20, toka Agosti 2022 anazitunza mpaka siku anafunga biashara, na akifunga anazipeleka serikalini. Mfumo ukijibu "subiri" bunduki inalala kwenye sefu lake siku tatu za kazi au zaidi, ikiibiwa ni kesi yake. Ukikataliwa kabisa, atafungasha airudishe ilikotoka na hapo mara nyingi mnaanza kugombana nani analipa usafiri. Kwa hiyo mtu anayefanya nusu saa ya kazi ya makaratasi yenye hatari ya kupoteza leseni akikuomba 30 au 40, jamani, hata fundi wa simu anakutoza hiyo kubadilisha kioo.

Alafu kuna jambo ambalo wateja hawapendi kulisikia. Dila naye anauza bunduki. Ni kama umenunua nyama bucha la ng'ambo ya barabara kwa sababu ni rahisi, alafu unaingia bucha la upande huu unamwambia mzee naomba nikatie vipande na unifungie vizuri. Atakukatia, ila usitegemee akuchekee.

Na hapohapo ndo ilipo hoja ya upande wa pili, tena ni nzito. Bucha la pili unaweza kulipita ukaenda kukata nyama kwako. Transfa huwezi. Sheria imekulazimisha upite mlango wa mfanyabiashara binafsi, na huyo mfanyabiashara ni mshindani wa yule uliyenunua kwake, na bei ya mlango anapanga yeye. Akiweka 100 sio lazima kazi iwe ya 100, inaweza kuwa anakuambia kwa lugha ya hela kwamba kesho nunua kwangu. Kwenye jiji lenye madila hamsini hilo halina shida, unahamia kwa mwingine. Kwenye kakaunti kadogo kenye dila mmoja au wawili hapo unalipa tu au unaacha.

Majimbo mengine yamejaribu kuingilia na hapa ndo patamu. California watu wawili binafsi wakiuziana bunduki lazima wapite kwa dila, na dila hawezi kuwatoza zaidi ya dola 10 kwa bunduki kwa kazi yake, na hawezi kukataa kazi hiyo. Jimbo lenyewe linachukua 37.19 juu yake, kwa hiyo unalipa 47.19. Angalia vizuri hapo: anayefanya kazi anapata 10, serikali inachukua karibu mara nne. Colorado nao walipoleta sheria ya kucheki rekodi kwa mauziano ya watu binafsi 2013 waliweka ukomo huohuo wa dola 10, ila hawakumlazimisha dila afanye. Sasa wewe ungekuwa dila ungefanyaje? Kazi ni ileile, hatari ileile, hela ya kifungua kinywa. Unasema samahani kaka, hiyo huduma hatuna. Ukomo wa bei bila wajibu wa kufanya kazi ni geresha tupu, umemlinda mteja kwenye karatasi alafu hana pa kwenda. Jimbo la Washington walipopitisha Initiative 594, sheria iliyopigiwa kura na wananchi, mwaka 2014 walikwenda njia nyingine, dila atoze kinacholingana na gharama na usumbufu wake kwa bei ya soko. Haina mvuto kwenye mabango ya kampeni ila mimi naona ndo yenye akili zaidi kati ya hizo tatu.

Washington hiyohiyo wamefanya kingine ambacho sijaona kikisemwa sana: watu wawili wasio na leseni wakiuziana na wakafuata utaratibu wote wa kucheki rekodi, mnunuzi hadaiwi kodi kwenye hiyo bunduki. Unaona mantiki yake? Kama unataka watu wapite mlangoni usiweke mtoza ushuru amesimama mlangoni. Mtu akijua kwamba akienda kwa dila atacheki rekodi na papo hapo adaiwe kodi ya bunduki aliyonunua kwa binamu yake, atamalizana na binamu sebuleni. Hoja hii naitoa hata kwa wale wanaotaka udhibiti mkali wa bunduki, tena hasa wao.

Tuje kwenye kodi yenyewe sasa, maana ada na kodi watu wanavichanganya kwenye sahani moja. Zamani ukinunua kitu kutoka jimbo lingine muuzaji asiye na duka wala ofisi kwenye jimbo lako hakukukata kodi ya mauzo. Ulitakiwa wewe mwenyewe ulipe kitu kinaitwa kodi ya matumizi, na watu kuilipa kwa hiari, tuseme tu ilikuwa nadra. Ndo maana bunduki ya mtandaoni ilionekana rahisi. Juni 2018 mahakama ya juu kabisa ya Marekani ikaamua kesi ya jimbo la South Dakota na Wayfair, duka la mtandaoni, kura tano kwa nne, kwamba jimbo linaweza kumlazimisha muuzaji wa mbali akusanye kodi hata kama hana jengo pale. Baada ya hapo wauzaji wakubwa wa mtandaoni wanakata kodi palepale unapolipa. Wadogo ambao hawafikii kiwango cha mauzo kilichowekwa na jimbo bado hawakati, na mtu binafsi anayeuza bunduki yake moja hakati.

Sasa dila afanye nini mzigo ukija bila kodi kulipwa? Inategemea jimbo. California kama muuzaji wa nje hana usajili wa kodi pale, dila anayekukabidhi ndo anageuka mkusanyaji, tena kwa bei nzima uliyonunulia, na asipokusanya anadaiwa yeye. Kwingine deni ni lako na jimbo lako na dila hahusiki. Hawaii na New Mexico kodi yao inagusa mpaka huduma, kwa hiyo hata ile ada ya transfa yenyewe inaingia. Kwa hiyo ukiona mtu anabisha "dila haruhusiwi kukata kodi kwenye transfa" au "lazima akate", muulize kwanza yuko jimbo gani, maana wote wawili wanaweza kuwa sahihi.

Serikali za majimbo nazo zina hoja, sio wezi moja kwa moja. Duka la mtaani linalipa kodi ya pango, linaajiri vijana wa pale, linakusanya kodi kila siku, alafu anakuja muuzaji wa mbali anauza bila kodi na duka la mtaani linageuzwa kaunta ya kuchukulia mizigo. Hiyo sio haki. Ila mnunuzi naye anasema angalieni rundo lote: ndani ya bei ya bunduki tayari kuna kodi ya shirikisho, 10% kwa bastola na 11% kwa bunduki ndefu, inalipwa na mtengenezaji na inakwenda kwenye hifadhi ya wanyamapori. Kodi ya mauzo inapigwa juu ya bei ambayo ndani yake kodi ile imo. California toka Julai 2024 wameongeza 11% yao, Colorado 6.5% toka Aprili 2025.

Kuna wanaosema hizi tozo zote ni kuvunja katiba, haki ya kumiliki bunduki huwezi kuilipia. Mahakama hazijakubali hivyo jumlajumla. Mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York mwaka 2013 ilibariki ada ya dola 340 ya leseni ya bastola ya jiji hilo kwa sababu haikuzidi gharama za kuiendesha, na uamuzi wa mahakama ya juu kwenye kesi ya Bruen ya 2022 uliacha mlango kidogo kwa kusema ada zilizopitiliza zinaweza kumnyima raia haki yake. Ila hizo zote ni ada za serikali. Arobaini ya dila ni bei ya mtu na duka lake, na kwenye katiba sioni pa kuishikia.

Msimamo wangu: ada dila apange, ila aibandike ukutani na kwenye tovuti kabla mzigo haujafika, sio unafika kaunta ndo unasikia kuna ya kuhifadhi, kuna ya bunduki ya pili, kuna ya kulipa kwa kadi. Kodi ikatwe mara moja, na risiti ya kwanza iwe ndo kinga. Na jimbo likilazimisha mauziano ya watu binafsi yapite kwa dila, libebe sehemu ya gharama, sio kumwambia dila afanye kwa dola 10 alafu lenyewe lichukue 37.

Jamaa yangu sasa anataka bunduki ya kuwindia nguruwe pori, wamejaa huku vijijini Texas. Safari hii kapiga simu maduka matano kwanza. La kwanza 25, la pili 30, la tatu 40, la nne halipokei mzigo kutoka kwa mtu binafsi, la tano 75. Nikamwambia hebu angalia tovuti ya hilo la 75. Bunduki anayoitaka wanayo, ipo kwenye rafu.