Sainasi ya pilonidali: ukubwa wa kisu au mahali pa mshono?

Ugonjwa huu hukaa juu kidogo ya kifandugu, ndani ya mfereji unaotenganisha matako. Nywele zilizokatika hujichomeka kwenye vitundu vidogo vya katikati, mwili unazikataa, na usaha unajichimbia njia chini ya ngozi. Katika Vita vya Pili vya Dunia ulilaza hospitalini askari wa Marekani wapatao 80,000, na lawama zikaangukia viti vya magari ya Jeep.

Likiwa jipu la ghafla, hakuna ubishi: lipasuliwe, chale ikae pembeni ya mstari wa kati. Antibiotiki peke yake haitoi usaha. Mabishano huanza ugonjwa unapokuwa sugu.

Madaktari wengi hukata eneo lote na kuacha kidonda wazi kijae kutoka chini. Ni kazi rahisi, na ugonjwa hurudi mara chache kuliko ukishonwa katikati. Gharama yake ni muda: wiki nyingi, pengine miezi, za kubadilisha gozi (kitambaa chepesi cha kufunika kidonda) kila siku. Kushona katikati ya mfereji kunavutia kwa sababu mambo yakienda vizuri ngozi hushikana ndani ya wiki mbili hivi. Lakini matako huvuta mshono pande zote mbili, jasho halikauki, nyuzi zinaachia. Mapitio ya 2010 ya Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, yalihitimisha kwamba ukiamua kushona, mshono wa pembeni ndio uwe kawaida.

Hapo ndipo zinapoingia mbinu za kuhamisha ngozi zinazoitwa kwa majina ya wapasuaji Karydakis, Limberg na Bascom. Zinatofautiana umbo la ngozi inayohamishwa, ila lengo ni moja: kovu litoke katikati na mfereji upungue kina. Ubaya wake ni kovu kubwa, ganzi ya ngozi, majimaji kujikusanya chini ya mshono, na hitaji la mpasuaji aliyezizoea. Ncha ya chini, karibu na njia ya haja kubwa, ndiyo hufumuka kwanza.

Kwa vitundu vichache visivyo na matawi, kuanza na upasuaji mkubwa ni haraka isiyo na sababu. Kila kitundu kinaweza kukatwa milimita chache tu kwa sindano ya ganzi, nywele zikasafishwa, na mtu akarudi kazini baada ya siku chache. Ni kweli ugonjwa hurudi zaidi, lakini upasuaji huu mdogo unaweza kurudiwa, na njia ya upasuaji mkubwa inabaki wazi.

Baada ya mshono wa pembeni, nyuzi hutolewa kwa kawaida siku ya 10 hadi 14. Mpaka hapo lala ubavu na usikae muda mrefu. Kujikunja na kuteleza kitini huvuta mshono. Kidonda cha wazi kioshwe kwa maji yanayotiririka kila siku na gozi iwekwe kwa ulegevu, kwani kuishindilia huchelewesha kupona. Nywele za kuzunguka kidonda ziondolewe mara kwa mara.

Homa, harufu kali au wekundu unaosambaa ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo. Kidonda kisichofunga baada ya miezi mitatu hakihitaji gozi zaidi tu: daktari atafute nywele zilizobaki, apime kina cha mfereji na, kwa kilichodumu miaka, achukue kipande cha nyama kupima saratani, ambayo ni nadra.